Andalio limejaa kila boksi, watoto wametoka na 2/5: kisa cha mwanachuo wa BTP

Hiki kisa ni cha mwanachuo wa diploma ya ualimu aliyekuja BTP (mazoezi ya kufundisha, Block Teaching Practice) shuleni kwetu mwaka 2024, shule ya msingi ya serikali mkoani Tanga, akapewa hisabati darasa la tano, na kwa vile somo lilikuwa mikononi mwangu mimi ndo nikawa mwalimu mlezi wake. Ruhusa ya kukiandika kanipa mwenyewe, mradi jina lake na la shule visionekane. Nitamuita madamu tu, kama watoto walivyokuwa wanamuita.

Kwanza mazingira. Darasa lina watoto themanini na kitu, dawati la watatu wanakaa wanne, kipindi dakika 40, vitabu vya kiada vipo ila wengine wanachungulia kwa jirani. Halafu kuna hili la mtaala ambalo mwaka ule lilichanganya wengi: mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, kwa hiyo darasa la tano lilikuwa bado linaenda na muhtasari wa zamani (kile kitabu kinachopanga mada na umahiri wa somo), wakati huo madamu chuoni walishaanza kufundishwa fomati mpya ya andalio, yaani mpango wa kufundisha kipindi kimoja. Akafika na maboksi ya kule na maudhui ya huku, kachanganyikiwa kweli. Nikamwambia hilo lisikunyime usingizi, mihtasari yote miwili imejengwa juu ya umahiri na habari ya umahiri nchi hii imeanza tangu mitaala ya 2005, kwa hiyo chukua muhtasari wa darasa unaloingia, fomati tumia ile atakayoidai mkufunzi wako.

Andalio la kwanza aliniletea jioni, kesho yake kipindi cha pili. Mada ni sehemu zenye asili tofauti (asili ni namba ya chini, kiasi ni ya juu). Jamani lile andalio ukilisoma hulikosoi. Umahiri mkuu umenakiliwa neno kwa neno, umahiri mahususi hivyohivyo, chini yake shughuli ya kutendwa na mwanafunzi, halafu lengo: "Ifikapo mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kujumlisha na kutoa sehemu zenye asili tofauti na kufumbua mafumbo." Kitenzi kinapimika, hamna "aelewe" wala "ajue", yaani mambo yote ya Bloom, yule Mmarekani aliyepanga malengo ya kujifunza kwa ngazi mwaka 1956, yanayokaririwa chuoni yametimia. Zana: machungwa, kisu, ubao. Rejea: kitabu cha mwanafunzi cha TET (Taasisi ya Elimu Tanzania). Dakika ukizijumlisha zinafika 40 kamili, utangulizi 5, maarifa mapya 15, kuimarisha 10, tafakuri 5, hitimisho 5. Chini kabisa kwenye tathmini ya somo kaandika "Somo limefundishwa na asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa."

Saa kumi na moja jioni hiyo, somo la kesho!

Nikacheka, naye akacheka kwa aibu, akasema mwalimu wengi wetu ndo tunavyofanya, mkufunzi anaweza kuibuka ghafla akakuta boksi halijajazwa. Mtu yeyote aliyepita chuo cha ualimu anaijua hiyo sentensi ya asilimia 80, sijui nani aliianzisha, ila imezunguka nchi nzima. Nikamwambia hilo boksi lifute, liache wazi mpaka utoke darasani. Mengine sikuyagusa makusudi kabisa, kwa sababu mwanachuo usipomuacha afundishe andalio lake mwenyewe kwa mikono yake hawezi kujua lina nini na limekosa nini, utamrekebishia leo kesho atakuletea lilelile.

Kipindi chenyewe ukikitazama kutoka nyuma kilipendeza. Wimbo, salamu, kisha machungwa yakakatwa, darasa likafurahi na harufu yake, mmoja akauliza mnagawa saa ngapi. Chungwa moja kalikata nusu, la pili akajaribu kulikata theluthi, vipande vikatoka vya ukubwa tofauti na maji yanachuruzika mezani, akainua nusu mkono huu na theluthi mkono ule akasema tukijumlisha hivi tunapata ngapi? Kimya. Kwa kweli hata mimi kwa kuviangalia tu nisingejua, maana huwezi kuona sita kwenye chungwa. Akahamia ubaoni akafanya 1/2 + 1/3 kwa KDS (kigawe kidogo cha shirika), hatua kwa hatua, sauti nzuri, mwandiko mzuri, akauliza "tumeelewana?" wakaitikia "ndiyoooo", akatoa maswali matano, watoto wakainama wakaandika mpaka kengele. Utangulizi ulikula dakika zaidi ya mara mbili ya zile alizoandika, kutoa hakukuguswa, mafumbo hayakuguswa.

Madaftari tukasahihisha pamoja stafu. Zaidi ya nusu ya watoto kwenye 1/2 + 1/3 wameandika 2/5, yaani kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Kundi lingine wameandika 2/6, hawa nawaona wako karibu, wamesikia kwamba asili mpya ni 6 ila viasi wameviacha vilevile. Wachache wamepata. Na katika hao wachache kuna binti kwenye swali la 1/4 + 1/6 kaandika 10/24, madamu kampiga kosa kubwa la wino mwekundu kwa sababu majibu aliyoyaandaa yanasema 5/12. Nikamwambia hebu tulia tuliangalie hili. Mtoto katumia 24 badala ya 12, robo kaifanya 6/24, moja ya sita kaifanya 4/24, kajumlisha 10/24. Thamani ni ileile, hajarahisisha tu. Sasa kigezo cha upimaji unachokitumia wewe kinadai nini, kujumlisha kwa usahihi au kutoa jibu lililorahisishwa? Akafungua muhtasari akasoma upya, na nilivyomuona ni kama ndo mara ya kwanza anaisoma safu ya vigezo kwa macho ya mtu anayetafuta kitu, siku zote alikuwa anaisoma kwa macho ya mtu anayenakili. Tukakubaliana: tiki, halafu pembeni unaandika "rahisisha". Ukimpiga kosa yule binti unamfundisha kwamba njia yake ni mbovu, na njia yake haina ubovu wowote.

Hapo nikamuuliza swali ambalo ndo kiini cha kisa kizima.

"Mwalimu, hili lengo lako ni la leo?"

"Ndiyo mwalimu, ndivyo lilivyo kwenye muhtasari."

"Na kwenye azimio umelipa vipindi vingapi?"

Akafungua azimio la kazi, yaani mpango wa mada wiki kwa wiki. Wiki mbili zimeandikwa hapo kwa mkono wake mwenyewe, alinakili kutoka kwangu. Akanitazama.

Shughuli iliyoandikwa kwenye muhtasari ni safari ya vipindi vingi, na wanachuo wengi sana wanaichukua nzimanzima wanaibandika kwenye boksi la lengo la kipindi kimoja, wanaongeza "ifikapo mwisho wa kipindi" mbele yake, wanaona wamepatia kwa sababu maneno yanafanana na ya muhtasari. Na mkaguzi anayelinganisha maneno kwa maneno atampa alama, maana yanafanana kweli. Lakini dakika 40 hazinyumbuliki. Ukijipa mzigo wa wiki mbili ndani ya kipindi utakachofanya ni kuonyesha hatua ubaoni na kuomba watoto wakariri, hamna muda wa kitu kingine, kwa hiyo ule ufundishaji wa kukaririsha tunaoulaumu kila siku mara nyingi unazaliwa pale juu kwenye lengo, mwalimu hata hajaingia darasani.

Tukakaa tukaivunja ile shughuli vipandevipande. Sikumpa mimi, nilimuuliza tu: ili mtoto afanye 1/4 + 1/6 anatakiwa awe anajua nini? Akasema KDS. Ili ajue KDS? Vigawe. Na kwa nini tunahangaika kutafuta asili moja, kwani kuna ubaya gani kujumlisha asili kwa asili? Hapo akakwama kidogo, na mimi nadhani hapo ndo watoto wote walikwama. Jibu ni kwamba mtoto awe ameshaona kuwa 1/2 na 2/4 na 3/6 ni kiasi kilekile cha kitu kimevaa majina tofauti, na kwamba vipande havijumlishiki kwa kuhesabu mpaka viwe na ukubwa mmoja. Bila hilo KDS ni mazingaombwe. Basi safari ikawa hivi: kwanza sehemu zenye thamani sawa, halafu zile ambazo asili moja ni kigawe cha nyingine kama 1/2 na 1/4, baadaye 1/2 na 1/3 ambazo hazina undugu, ndipo 1/4 na 1/6 ambapo ukizidisha asili kwa asili unapata 24 na kuna ndogo zaidi inakungoja, kutoa kuje nyuma yake, na mafumbo yasisubiri mwisho bali yapite ndani ya kila kipindi. Ukiangalia, mfano aliouanza nao darasani ni wa tatu kwenye mlolongo huo.

Kisha nikamwambia andalio la safari hii anza kulijaza kutoka chini. Andika kwanza swali moja ambalo mtoto akilijibu utaniambia bila kigugumizi kwamba huyu kaelewa. Akaandika 1/2 + 1/4. Nikamwambia hilo aliyekariri atalipata. Akaondoka nalo, asubuhi akarudi na hili: "Juma amejumlisha 1/2 na 1/4 akapata 2/6. Bila kukokotoa, eleza kwa nini jibu la Juma haliwezekani." Aisee. Mimi mwenyewe sikulifikiria. 2/6 ni theluthi, theluthi ni ndogo kuliko nusu, sasa uliyekuwa na nusu ukaongezewa robo unapunguaje? Swali kama hilo haliruhusu kukariri, na ndo lililokuja kupanga kila kitu kingine kwenye lile andalio, zana, mfano, muda, mpaka utangulizi.

Machungwa yakaachwa. Zana ikawa karatasi za madaftari yaliyoisha, zile zenye mistari, kila mtoto anakata utepe wenye nafasi 12 za mistari. Nusu ni nafasi 6, theluthi 4, robo 3, moja ya sita ni 2, huhitaji rula wala kukunja, na ukitaka kujumlisha unapaka rangi kwa kalamu unahesabu. Haina gharama hata shilingi na watoto themanini wote wanashika, tofauti na chungwa moja linaloonekana na dawati la mbele tu.

Kipindi cha pili akaanza hivi: mama kakutuma sukari nusu kilo, umefika dukani akapiga simu ongeza na robo, unabeba kiasi gani? Darasa zima likalipuka: robo tatu! Hata wale wa nyuma kabisa. Madamu akaandika 3/4 upande mmoja wa ubao. Upande wa pili akaandika 1/2 + 1/4 = akamwita mtoto aje ajaze, mtoto akaja kwa kujiamini kabisa akaandika 2/6. Madamu hakufuta, hakusema kitu, akasogea pembeni akawaacha wayaangalie majibu mawili. Minong'ono ikaanza, mpaka kijana mmoja akanyoosha mkono: "Madamu, hiyo ni ya dukani, hii ni ya hisabati."

Nilikuwa nyuma nimeketi na kalamu, nikaiandika ile sentensi jinsi ilivyo. Kwenye muhtasari tunasoma umahiri wa kutatua matatizo katika mazingira tofauti, tunaunakili kwenye boksi la kwanza kila siku ya Mungu, na huyu mtoto wa darasa la tano aliyeshapita upimaji wa kitaifa wa darasa la nne anatuambia wazi kwamba kichwani mwake kuna hesabu mbili zisizojuana, moja ya kuishi na nyingine ya kuandika daftarini. Umahiri mkuu wote ulikuwa kwenye hicho kijisentensi, na andalio la kwanza lisingemfikia kamwe.

Wakachukua tepe, wakapaka nafasi 6, wakaongeza 3, wakapata 9 kati ya 12, wakabishana kama 9/12 na 3/4 ni kitu kimoja, wakapima. Kengele ikalia bado wako hapo. Swali la Juma lilijibiwa na wengi ila kwa maneno ya ajabuajabu, mmoja kaandika "Juma ameibiwa", nikamwambia madamu huyo mpe tiki kaelewa kuliko mimi.

Sasa shida ikahamia ofisini. Mwalimu wa taaluma kapitia azimio la madamu, kaona wiki imekatika na kutoa hakujaanza, mkondo B wao wako mbele. Akamuita. Simlaumu sana, kazi yake ni kuhakikisha muhtasari unaisha na mitihani ya muhula ni ya pamoja, darasa likichelewa anayeulizwa ni yeye. Ila madamu alikuwa na kitu cha kumuonyesha, ile safu ya maoni mwisho wa azimio ambayo wengi tunaandika "limefundishwa" kuanzia Januari hadi Novemba. Yeye alikuwa ameandika kilichotokea, kwamba kundi kubwa lilikuwa linajumlisha asili kwa asili, vipindi vimetumika kwenye thamani sawa, na kwamba kutoa kutachukua muda mfupi kwa sababu kunatumia wazo lilelile. Mwalimu wa taaluma akasoma, akagunaguna, akasema sawa lakini wiki ijayo nataka nione kutoa. Na kweli kutoa kulienda haraka, vipindi viwili tu, tukafidia sehemu ya ule muda, siyo wote.

Mkufunzi alikuja wakati wa 1/4 + 1/6. Akakaa nyuma na fomu yake. Baada ya kipindi akamwambia lengo lako dogo sana, shughuli kwenye muhtasari ni pana. Nilitaka kuingilia nikajizuia. Madamu akamuonyesha ukurasa aliouvunja vile vipande na kipi kimefanyika tarehe gani, akasema mwalimu hiki cha leo ni kipande cha nne. Mkufunzi akakubali, ila akatoa kasoro ambayo na mimi naiona ilikuwa ya haki: wale waliomaliza mapema hakuwapangia kitu, walikaa wanachora, na katika darasa la themanini wakikaa hivyo kumi na tano wanatosha kuvuruga wengine. Andalio halikuwa na neno lolote juu yao. Kuanzia hapo akawa anaweka swali la ziada pembeni ya ubao, kwa mfano tafuta sehemu mbili zenye asili tofauti ambazo jumla yake ni 5/6, na uone kama zipo zaidi ya jozi moja. Lile lilikuwa zuri, niliwakuta watoto wanalijadili mpaka bombani.

Kuna kundi ambalo halikufika. Watoto kama ishirini hivi, tepe wanazitumia vizuri na thamani sawa wanaiona, lakini wakiambiwa watafute KDS ya 4 na 6 wanakwama kwa sababu jedwali la kuzidisha hawana, unamuuliza vigawe vya 6 anahesabu vidole. Hilo halitibiki ndani ya mada ya sehemu hata uandae andalio la dhahabu. Madamu alijaribu dakika chache asubuhi kabla ya paredi, kuhesabu kwa kuruka sitasita, nanenane, baadhi wakainuka kidogo, BTP ikaisha.

Alichoniachia ni azimio lake, na kwenye safu ya maoni mbele ya mada ya sehemu kaandika: "Vigawe virudiwe wiki moja kabla ya mada hii, na asipewe mtoto KDS kabla hajaona kwa nini asili zinalinganishwa." Azimio langu la mwaka uliofuata nikalipanga hivyo, vigawe vikatangulia. Mwalimu wa taaluma mpaka leo ananiuliza kwa nini wiki zangu hazifanani na za mkondo B, namuonyesha safu ya maoni.